Kiungo wa chini: mkata umeme, mchezeshaji au punda? Tuwachambue hapa bila ushabiki

#1 Ngarenaro Sita

Wakuu, salaam. Ukiingia kibanda umiza chochote, kuanzia Kaloleni hapa Chuga (Arusha) hadi Majengo kule Moshi, ubishi ni uleule: Rodri au Busquets, Pirlo au Makelele, Aucho au Mkude. Haufiki popote kwa sababu tunalinganisha kazi tofauti tukidhani ni moja, eti kwa kuwa wote wanasimama mbele ya mabeki wa kati. Fundi bomba na fundi umeme wote wanaingia jikoni kwako, lakini humwiti mmoja kwa kazi ya mwenzake.

Nianze na ninavyoona mimi, mtanikosoa.

Kuna mkata umeme. Makelele, Casemiro wa Real Madrid. Huyu yupo pale kuzima shambulizi kabla halijawafikia mabeki. Akipora mpira anaukabidhi kwa aliye karibu, kazi imekwisha.

Kuna mchezeshaji wa chini, Waitaliano wanamwita regista, neno lao hilohilo la mwongozaji wa filamu. Pirlo ndiye mfano, na Xabi Alonso. Anashuka chini kwa sababu huko juu hakuna nafasi wala muda. Mpira unapita kwake ili ubadilike: mwendo, upande, au urefu wa pasi.

Kuna wa mizani. Busquets, na Rodri kwa sehemu kubwa. Pasi zake si za kushangiliwa na kukaba kwake si kwa kelele, ila ukimtoa timu nzima inapinda.

Na kuna kiungo punda aliyeshushwa chini, kama Kanté. Huyu anakaba kwa kukimbia: eneo la watu wawili analifanya la mmoja.

Swali langu kwa wajuzi: timu ya ligi ya mkoa, mfumo 4-3-3, namba sita (kiungo wa chini) mmoja tu. Unamweka yupi, na kwa nini? Naweka kambi hapa.

#2 Mbege Baridi

Punda. Kiwanja chenyewe mpira unadunda kama sungura, regista wa nini?

#3 Kocha Kahawa

Mleta mada, umefungua vizuri, ila kwa Makelele umechemka kidogo. Ukimwita mkata umeme ukaishia hapo, umemwona nusu.

Chelsea ya Makelele, msimu wa 2004/05, iliruhusu mabao 15 katika mechi 38 za ligi. Kila mtu anasifia ukabaji. Sasa mtazame Makelele mpira ukiwa kwao. Enzi hizo timu nyingi za Uingereza zilicheza 4-4-2. Viungo wawili wa kati wa mpinzani wanatazamana na Lampard na mwenzake. Makelele amebaki chini yao, nyuma ya mgongo wa washambuliaji wawili, hana wa kumkaba. Mshambuliaji mmoja akishuka kumfuata, Terry au Carvalho anabaki huru na anapanda na mpira. Kiungo akipanda kumfuata, Lampard kaachwa peke yake. Wakimpuuza, anapokea, anageuka, anatoa pasi ya mita nane kwa aliye wazi. Pasi zake zilikuwa fupi kwa sababu hesabu ilishampa mtu huru karibu. Ya kupiga mita 40 ilikuwa haina haja.

Kwa hiyo yule mnayemwita mvunjaji ndiye aliyekuwa mtu wa ziada katikati. Mfumo wa viungo watatu dhidi ya wawili unamhitaji mtu wa chini anayejua kusimama tu. Kusimama ni kazi.

Na kukata umeme kwenyewe si kujirusha miguuni kwa watu. Mkata umeme mzuri jezi yake inarudi nyumbani safi. Anakaa mita 10 hadi 12 mbele ya mabeki wa kati, kwenye mstari kati ya mpira na goli, na kila mpira ukihama naye anahama hatua tatu nne kabla pasi haijafika. Mpinzani akiinua kichwa anaona njia imezibwa, anapiga pembeni. Hapo umeme umekatika na hakuna aliyeguswa. Mashabiki hawapigi makofi kwa kitu ambacho hakikutokea, ndiyo maana nafasi hii inadharauliwa.

Kosa ninaloliona viwanja vyetu vyote ni namba sita kuufuata mpira pembeni. Winga wa wenzetu akipokea karibu na mstari, sita naye huyo, mita 20 kutoka kwenye eneo lake. Katikati, mbele ya boksi, panabaki shimo. Pasi ya kurudi nyuma ikipigwa kutoka mstari wa goli, anayeifuata hana mtu. Anayepaswa kutoka kwenda pembeni ni namba nane (kiungo anayecheza juu ya sita) wa upande ule kumsaidia beki. Sita anasogea hadi usawa wa nguzo ya karibu, anaishia hapo.

#4 Filimbi

Naongeza jambo ambalo wachambuzi hulipitia juu juu: kadi.

Namba sita ndiye anayepiga faulo za kimkakati. Mpira umepotea juu, wenzake sita wako mbele ya mpira, mpinzani anageuka katikati ya uwanja. Anamshika jezi, mchezo unasimama, timu inarudi kujipanga. Inalipa ikifanywa mapema na mbali na goli. Shambulizi lenye matumaini likizuiwa hivyo ni njano. Likiwa nafasi ya wazi ya kufunga ni nyekundu. Tofauti kati ya hizo mbili mara nyingi ni mita 15 na beki mmoja aliyebaki nyuma.

Tatizo ni kinachofuata. Sita mwenye njano dakika ya 25 ni nusu ya mchezaji. Fainali ya Kombe la Dunia 2018, Kanté alipata njano kipindi cha kwanza, siku yenyewe haikuwa yake, na kocha Deschamps akamtoa dakika ya 55 akaingiza N'Zonzi. Kanté, katika fainali ya dunia! Ufaransa ikashinda 4-2. Makocha wengi wa huku wangemwacha kwa sababu ya jina, akala nyekundu.

Ukiwa na mkata umeme halisi, panga tangu mwanzo nani anamrithi akilambwa njano mapema, na namba nane yupi ataanza kupiga faulo badala yake.

#5 Dada wa Pasua

Naomba nimsemee Pirlo kidogo maana humu anasemwa kama mtu aliyezaliwa pale.

Pirlo alikuwa namba kumi, mchezeshaji wa nyuma ya washambuliaji. 2001 alipelekwa Brescia kwa mkopo akitokea Inter, akakuta kumi ya pale ni Roberto Baggio. Kocha Carlo Mazzone akamshusha mbele ya mabeki. Tafuteni bao la Baggio dhidi ya Juventus msimu ule: Pirlo yuko chini, anainua kichwa mara moja, mpira unapita juu ya safu yote ya ulinzi, Baggio anautuliza ukitua na kumpita Van der Sar kwa mguso huohuo. Pasi ile ukiwa namba kumi huwezi kuipiga, kwa sababu umeshamkaribia beki na nyuma yake hakuna tena uwanja. Ukiwa mita 45 kutoka golini, uwanja wote uko mbele ya macho yako. Huo ndio mantiki ya kumshusha mchezeshaji: unampa macho na unampa sekunde.

Lakini hakuwahi kuachwa peke yake. Milan ya Ancelotti ilimwekea Gattuso wa kukimbia upande mmoja na Seedorf upande wa pili. Juventus alikuwa na Vidal na Marchisio. Regista ni mkopo, na wenye kuulipa ni majirani zake. Wakikosekana hao, yeye ndiye anayegeuka mlango.

Na anafungwa vipi? Machi 2010, Manchester United 4, Milan 0, pale Old Trafford. Ferguson alimkabidhi Park Ji-sung kazi moja: Pirlo. Park hakumfuata ili kupora mpira tu, alisimama kwenye njia ya pasi ya kwanza kutoka kwa mabeki. Mabeki wa Milan wakalazimika kupiga wenyewe, na hawakuwa wapigaji.

Juventus walijifunza hapo. Chini ya kocha Conte ukimweka mtu kwa Pirlo, Bonucci kutoka kwenye mabeki watatu anapiga yeye zile pasi ndefu. Ukimfuata Bonucci, Pirlo huru. Kwa hiyo mleta mada, kabla hujauliza sita gani, uliza mabeki wako wa kati wana miguu gani.

#6 Ngarenaro Sita

Shikamoo mzee Kahawa. Nimekubali kwa Makelele, naondoa kauli.

Dada wa Pasua umenifungua macho kwa hilo la mabeki. Sasa swali la pili. Makocha wengi siku hizi wanamshusha sita akae katikati ya mabeki wa kati timu inapoanza kutoka nyuma. Kila timu, kila mechi. Ni sahihi au ni kuiga TV?

#7 Kocha Kahawa

Marahaba. Mara nyingi ni kuiga TV.

Jambo lile lina hesabu yake. Lilipata jina kutokana na Ricardo La Volpe, kocha wa Mexico kwenye Kombe la Dunia 2006: mabeki wa kati wanafunguka, kiungo anashuka kati yao, mabeki wa pembeni wanapanda. Guardiola akalitumia sana na Busquets.

Hesabu ni hii. Mpinzani akikukabia juu na washambuliaji wawili, mabeki wako wawili wamelingana nao. Sita akishuka mnakuwa watatu kwa wawili, mna mtu huru. Mpinzani akileta mshambuliaji mmoja, tayari mko wawili kwa mmoja. Ukimshusha sita umeweka watu watatu kumlinda mmoja, na katikati umejipunguzia mtu bure. Hapo ndipo unaona timu inapigiana pasi nyuma kama inacheza kati, na viungo wa juu wako mita 30 mbali wanapunga mikono.

Hata akishuka, wakati ndio kila kitu. Wengi wanashuka mapema, mpira ungali kwa kipa. Mkabaji wake anamfuata taratibu na anajipanga. Ashuke mpira ukiwa njiani kwenda kwa beki wa kati, ili mkabaji aamue ghafla: amfuate, aache njia ya katikati wazi kwa namba nane, au abaki, amwachie sita apokee akitazama mbele.

Kroos alikuwa na njia yake nyingine ambayo naipenda zaidi. Alishuka upande wa kushoto, kati ya beki wa kati na beki wa pembeni, beki wa pembeni akiwa amepanda. Anapokea akiwa tayari amefunguka, mstari uko mgongoni kwake, hakuna anayeweza kumtokea nyuma. Casemiro anabaki katikati. Utaona kwamba wao wawili walikuwa wanagawana kazi ya mtu mmoja: kushika mpira na kushika eneo.

#8 Golikipa wa Akiba

Mzee nakubaliana kwa sehemu. Umesahau sheria ya mpira wa goli ya 2019. Zamani mpira ulipaswa kutoka nje ya boksi ndipo uguswe. Sasa ukishapigwa tu na kusogea uko mchezoni, mwenzako anaweza kupokea ndani ya boksi na mpinzani anatakiwa kuwa nje hadi upigwe. Tangu hapo kipa ni mtu wa tatu kwenye ile hesabu yako. Dhidi ya washambuliaji wawili si lazima sita ashuke tena, mradi kipa ana mguu.

Shida ya huku: kipa anapewa mpira wa goli, anaona presha, anabutua. Namba sita hana kosa hapo.

#9 Kocha Kahawa

Sahihi, Golikipa. Kipa akiwa na mguu, sita akae nyuma ya mgongo wa mshambuliaji wa kwanza, asogee kulia na kushoto ili mshambuliaji asiweze kumziba na kivuli chake akiwa anamfuata beki. Hatua mbili zinatosha. Wengi wanasimama palepale kama mlingoti kisha wanalalamika hawapewi mpira.

#10 Mbege Baridi

Sawa, mnasema mambo mazito. Mimi kwenye TV naona mpira tu, sita namwona akiguswa na kamera. Nitamjuaje mzuri?

#11 Dada wa Pasua

Kaka Mbege, mtazame kabla mpira haujamfikia. Ukiusubiri ufike umeshachelewa, kama yeye.

Kwanza shingo. Pasi ikiwa kwa beki, ageuze kichwa nyuma ya bega mara moja; pasi ikiwa njiani, mara ya pili. Asiyegeuza kichwa atarudisha mpira alikotoka, kwa sababu hapo ndipo pekee anapopajua. Wachezaji wengi wanaoitwa "waoga wa kwenda mbele" hawana woga wowote, hawajaangalia tu.

Pili mwili. Akipokea kifua kikiwa kimetazama goli lake, ana pasi moja tu. Akisimama kiubavu, na kuupokea kwa mguu wa mbali, yaani mpira unatoka kushoto anauachia upite mbele ya mwili hadi mguu wa kulia, tayari ana nusu nzima ya uwanja mbele. Busquets alikuwa anafanya hivyo kisha anamsubiri mkabaji afike karibu kabisa, ndipo anatoa. Watu walidhani anachelewa. Alikuwa anamvuta mtu atoke kwenye eneo lake. Pasi inatoka mkabaji akiwa ameshafika, na nyuma yake pameachwa wazi kwa Xavi au Iniesta.

Tatu umbali wa mkabaji. Kwa makadirio yangu: akiwa ndani ya mita tatu, sita acheze mguso mmoja arudishe au aguse pembeni. Mita tatu hadi tano, mguso wa kwanza umtoe pembeni ya mkabaji, wa pili ni pasi. Zaidi ya mita sita, geuka nenda mbele, na asipogeuka hapo mlaumu. Sita anayegeuka katika mita mbili na yule asiyegeuka katika mita nane wana ugonjwa mmoja: hawajui mkabaji yuko wapi.

Halafu mtazame timu yake ikishambulia. Huyu ndiye asiyeonekana kabisa. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2023, Istanbul, Manchester City na Inter, dakika ya 68. Mpira uko kulia ndani ya boksi, Bernardo Silva anaurudisha nyuma, unamgusa beki, na Rodri huyo hapo kwenye mstari wa boksi, anapiga kwa upande wa ndani wa mguu, 1-0. Watu wakasema bahati. Lakini sita wa timu inayoshambulia mahali pake ni hapo, mita 18 hadi 22 kutoka golini, nyuma ya watu waliojaa boksi. Anangoja mpira uliookolewa. Ukimfikia yeye, shambulizi linaendelea; ukimpita, kaunta imeanza. Usiku ule John Stones alikuwa anapanda katikati, ndiyo maana Rodri alikuwa na ruhusa ya kusogea. Majirani tena.

#12 Vumbi la Sakina

Sasa turudi nyumbani, maana Mbege alisema jambo la kweli mwanzoni na mkampuuza.

Kiwanja kinaamua sita. Uwanja mkavu wa udongo na nyasi za hapa na pale, mpira wa chini wa mita 15 unaruka mara mbili tatu kabla haujafika. Mguso wa kwanza unakwenda kwenye goti. Sita anayependa kupokea katikati ya watu atapoteza mipira hata awe na akili ya Busquets. Masika nayo, Machi hadi Mei, mpira unakwama kwenye matope: pasi ya mita 12 inasimama mita tisa, na mshambuliaji wa wenzenu anaichukua palepale. Wakati wa matope pasi za kukatiza mbele ya boksi lako ni marufuku. Piga kwa nguvu zaidi ya kawaida, mguu unaokanyaga uwe usawa wa mpira, au nyanyua mpira kidogo.

Jambo la pili ni mwinuko. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar, joto likiwa sawa. Pasi ya kubadili upande ya mita 40 haipati upinzani uleule, inakwenda mbele zaidi na haipindi sana kama ilivyozoeleka. Timu zinazotoka pwani kuja uwanja wetu wa Sheikh Amri Abeid, angalieni dakika 20 za kwanza pasi ndefu za viungo wao: nyingi zinatoka nje kwa winga aliyekuwa wazi kabisa. Moshi pale Ushirika tofauti ni ndogo zaidi, mji uko chini ya mita 1,000. Kwa hiyo sita wa Arusha akicheza ugenini pwani anapata kosa la kinyume, pasi zinapungua.

Jibu la mleta mada kwa kiwanja kibovu: sita anayesoma mpira wa pili. Mpira ukibutuliwa, asiende kuruka kichwa. Beki aruke. Yeye asimame mita tano hadi saba nyuma ya wanaoruka, upande ambao paji la uso la mrukaji wa mpinzani linaelekea. Mpira mwingi wa kichwa wenye presha unaangukia eneo hilo.

#13 Mbege Baridi

Asante Vumbi. Nilisema punda tangu mwanzo mkanicheka.

#14 Vumbi la Sakina

Sijasema punda, Mbege. Punda anakimbia kila mpira. Nimesema asimame mita tano nyuma.

#15 Filimbi

😂😂

#16 Ngarenaro Sita

Naona wengi mnaelekea kwenye sita wawili, yaani 4-2-3-1. Yanga ya kocha Nabi iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 ilikuwa na Aucho na Bangala kwenye orodha ya watu wa chini, na fainali ile walipoteza kwa sheria ya bao la ugenini tu, 2-2 kwa jumla na USM Alger. Kwa nini tusimalize ubishi kwa kuweka wawili?

#17 Kocha Kahawa

Wawili hawamalizi ubishi, wanauzidisha. Sasa una tatizo la nani anaondoka na nani anabaki.

Sita wawili wakisimama mstari mmoja sambamba, pasi moja inawapita wote. Lazima mmoja awe mbele mita nne tano, kwa mshazari, na wabadilishane kufuata upande wa mpira: mpira kulia, wa kulia anasogea kuukabili, wa kushoto anaingia katikati nyuma yake. Wakitoka wote, boksi liko uchi. Wakibaki wote, namba kumi wa kwenu yuko peke yake kisiwani na mnashambulia kwa watu wanne.

Unachagua wasiofanana. Liverpool ya Benítez, Alonso na Mascherano: mmoja anapiga, mwingine anazima. Leicester bingwa 2016, Kanté na Drinkwater: Kanté akipora, Drinkwater alishaanza kutazama mbio za Vardy. Ukiweka wachezeshaji wawili kila mmoja anashuka kuomba mpira palepale. Ukiweka wakata umeme wawili mnapora mpira mara 30 na kuupoteza mara 30.

Kwa timu ya mkoa yenye sita mmoja, nami nijibu basi. Kama mabeki wako wa kati wanajua kupiga pasi ya mita 20 chini, weka mkata umeme, kwa sababu mpira utatoka salama bila yeye. Kama mabeki ni wa kubutua, weka mwenye mguu na umpe namba nane mmoja wa kukimbia. Anayechagua sita kwa kuangalia sita peke yake atakosea kila mara.

#18 Dada wa Pasua

Hapo kwa mabeki wa kubutua nakupinga, mzee, kwa heshima. Mabeki wakibutua, huyo mwenye mguu mpira unampita juu ya kichwa dakika 90. Bora umshushe awe beki wa kati mwenyewe, kama Bangala alivyokuwa akitumika nyuma, upate pasi ya kwanza safi, na sita awe wa mpira wa pili kama alivyosema Vumbi.

#19 Kocha Kahawa

Akiwa na kimo na haogopi kuruka, hoja yako ni nzuri kuliko yangu. Akiwa mfupi, kona mbili za kwanza zitakujibu.

#20 Ngarenaro Sita

Haya. Mazoezi sasa. Timu inakutana jioni mara tatu kwa wiki, mipira sita, koni 20. Namfundishaje sita kugeuza shingo?

#21 Kocha Kahawa

Zoezi moja linatosha kuanzia. Pima mraba wa mita 12 kwa 12. Sita katikati. Watu wanne, mmoja kila upande, kila mmoja ana bibu (kizibao cha mazoezi) ya rangi yake mkononi. Mmoja ana mpira. Anapompigia sita, mmoja wa walio nyuma ya sita anainua bibu juu. Sita ataje rangi kwa sauti kabla hajagusa mpira, kisha acheze kwa huyo aliyeinua kwa miguso miwili. Sekunde 45 kazi, 45 pumzi, mara sita, halafu badilisha mtu. Akitaja rangi baada ya kugusa, haihesabiwi.

Wiki ya pili ongeza mkabaji mmoja anayeanzia mita tano nyuma yake na anaruhusiwa kutoka pasi ikipigwa tu. Sasa anapaswa kutaja rangi na kujua mkabaji anakuja bega lipi. Wiki ya tatu nenda kwenye wanne kwa wanne na huru watatu (wanaocheza na timu yenye mpira), eneo mita 20 kwa 15, sita akiwa yule huru wa katikati.

Yanayoharibika: pasi za kumpa sita zikiwa laini, zoezi linakuwa rahisi na halifanani na mechi. Mwenye bibu akiinua mapema, sita anaangalia mara moja na kutulia. Ainue mpira ukiwa umeshaondoka mguuni. Na usifanye zaidi ya dakika 15. Shingo ikichoka mtu anaanza kubahatisha rangi, unamfundisha kubahatisha.

#22 Golikipa wa Akiba

Mzee, na mpira wenyewe kwenye kiwanja kigumu? Zoezi hilo kwa udongo mkavu mpira utakuwa kwenye magoti.

#23 Vumbi la Sakina

Punguza upepo. Sheria inaruhusu kuanzia 0.6 hadi 1.1 ya kanieneo ya anga, kwenye geji ya pampu ni paundi 8.5 hadi 15.6. Wengi wanajaza hadi mpira unalia kama ngoma. Kwa udongo mkavu weka paundi 9, pima tena baada ya nusu saa juani maana joto linaupandisha. Matope, weka 12 au 13. Na mipira yote sita iwe sawa, vinginevyo sita anajifunza nguvu sita tofauti za pasi.

#24 Mbege Baridi

Geji inauzwa wapi Moshi?

#25 Dada wa Pasua

Ulizia maduka ya baiskeli, kaka. Chukua na sindano mbili za akiba, zinakatikia ndani ya valvu usipozilowesha kabla ya kuingiza.